Je, Wajua? Waya wa mita ya tokeni ni vidole vyako

Mita ya tokeni ukutani kwako haihitaji intaneti kupokea stima uliyonunua. Habari yote imo ndani ya tarakimu 20. Unazibonyeza, mita inafumbua fumbo. Waya ni vidole vyako. Na fumbo hilo ni la mita moja tu: libonyeze kwa jirani, litakataliwa.

La kushangaza zaidi ni saa iliyofichwa humo. Kila tokeni ya stima hubeba namba ya dakika ilipotolewa, ambayo awali ilihesabiwa tangu 1993. Mita huikumbuka, ili tokeni isitumike mara mbili. Lakini nafasi ya kuhesabia ilitosha dakika milioni 16.7 na ushei. Zilikuwa zinakwisha 24 Novemba 2024, kwa mita zote duniani zilizohesabu tangu 1993! Kampuni ya umeme ya Kenya Power ikawatumia wateja tokeni tatu kwa pamoja: mbili za kurekebisha mita, ya tatu ya stima. Tarakimu 60, bila fundi kushika bisibisi. Huo ni usanifu wa kusifiwa: vitufe vile vile vya kuingizia stima vikabadili mipangilio ya mashine.

Na tukizungumzia vitufe: simu huweka 1-2-3 juu, kikokotoo 7-8-9. Mpangilio wa simu ulitokana na majaribio ya maabara ya Bell, Marekani, miaka ya 1950. Papasa kitufe cha 5 cha kabambe yako, simu ya vitufe: kuna kinundu. Hata gizani, kidole kinajua kilipo.