Mzunguko wa Kushurutishana: Ukaidi wa Mtoto Unavyojengeka na Unavyobomolewa

Utundu ni sehemu ya utoto, na mtoto wa miaka 2 anayejitupa chini kwa hasira, au kijana wa miaka 14 anayebishia kila analoambiwa, hahesabiwi kuwa na maradhi kwa sababu hiyo pekee. Kinachowafanya wataalamu wa afya ya akili waseme kwamba pana tatizo la tabia ni mwenendo unaojirudia kwa muda mrefu, usiolingana na umri wa mtoto, na unaovuruga masomo, urafiki na maisha ya nyumbani. Katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) limetenganisha hali mbili: ukaidi sugu, yaani hasira, ubishi na kukataa maagizo kunakodumu miezi 6 au zaidi, na mwenendo wa kukiuka haki za wengine kwa kupiga, kuiba, kuharibu mali au kutesa wanyama, ambao sharti uwe umejirudia kwa muda mrefu, kwa mfano mwaka mzima au zaidi.

Maelezo yaliyosaidia sana kufahamu jinsi mwenendo huo unavyoota mizizi yalitolewa na Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Oregon, Marekani, ambaye yeye na wenzake waliingia majumbani na kuandika, tendo kwa tendo, yanayopita kati ya wazazi na watoto, kisha mwaka 1982 akayaeleza katika kitabu. Mama anamwagiza mwanawe aoshe vyombo. Mtoto ananung'unika, mama anarudia agizo kwa sauti kali zaidi, mtoto anapiga kelele na kubamiza mlango, hadi mama aliyechoka anaamua kuviosha mwenyewe. Papo hapo kelele zinakoma, na hapo ndipo penye kiini cha jambo: mtoto amejifunza kwamba kelele humwondolea kazi, naye mama amejifunza kwamba kuachilia humletea utulivu. Siku nyingine mama ndiye anayeshinda, kwa kofi, na kwa kuwa mtoto ananyamaza, mama naye anajifunza kwamba kofi hufaa, ingawa safari ijayo kofi moja halitatosha. Patterson aliuita mtindo huu mzunguko wa kushurutishana. Hakuna anayeukusudia, na ndiyo maana si haki kumlaumu mzazi kwamba ameshindwa kulea, wala kumwita mtoto mtukutu wa kuzaliwa.

Methali ya samaki mkunje angali mbichi hutajwa mara nyingi kutetea fimbo, na kuhusu umri sayansi inakubaliana nayo, kwa kuwa tabia hubadilika kwa urahisi zaidi mtoto akiwa mdogo. Kuhusu fimbo yenyewe, ushahidi umeelekea upande mwingine. Utafiti wa Tobias Hecker na wenzake uliochapishwa mwaka 2014, uliowahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania, ulionyesha kwamba asilimia 95 walikuwa wamewahi kuadhibiwa kwa kupigwa na mwalimu, na kwamba ukali wa adhabu uliambatana na matatizo ya tabia. Ni kweli kwamba utafiti wa kuhoji mara moja hauwezi peke yake kuonyesha kipi kilitangulia, lakini matokeo yake yanalingana na yale ambayo Patterson aliyaona majumbani: kipigo hunyamazisha sasa hivi na kufundisha ugomvi wa kesho. Kenya iliondoa adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, ilhali Tanzania bado ina kanuni za mwaka 2002 zinazoruhusu hadi viboko 4, na hapana shaka kwamba kanuni hizo zimepitwa na elimu iliyopo.

Kabla ya kuita jambo ukaidi, sharti kwanza litazamwe kwa upana. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mwenye kiburi, na anayezubaa kwa sekunde chache mara kwa mara huenda ana aina ya kifafa. Asiyeweza kusoma huvuruga darasa ili aibu yake isionekane. Katika vijana, sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, huweza kujitokeza kama hasira na ukorofi badala ya machozi, na mtoto aliyebadilika ghafla huenda anadhulumiwa na mtu asiyethubutu kumtaja.

Mzunguko ukishafahamika, hubomolewa kwa njia ile ile uliyojengwa, yaani kwa mambo madogo ya kila siku. Mzazi hufundishwa kutenga dakika chache kila siku za kuwa na mtoto bila kumsahihisha, kutoa agizo moja fupi akiwa karibu naye badala ya kupiga kelele kutoka jikoni, na kusifu kwa kutaja tendo lenyewe: "Umeosha vyombo bila kukumbushwa, asante mwanangu." Ukorofi mdogo haujibiwi, kosa kubwa hufuatwa mara moja na tokeo fupi lililojulikana mapema, kama kukosa televisheni jioni hiyo. Wazazi wengi hukata tamaa wiki za mwanzo, kwa kuwa kelele ambazo hazilipi tena huongezeka kwanza kabla ya kupungua, na mzazi akikubali kushindwa katika kilele hicho humfundisha mtoto kwamba kilichohitajika ni kelele kubwa zaidi.

Kwa vijana, jambo la kuogopwa zaidi ni kuwakusanya wakorofi mahali pamoja. Huko Massachusetts, Marekani, mpango ulioanza mwaka 1939 uliwapa wavulana ushauri na misaada kwa miaka kadhaa, na Joan McCord alipowafuatilia baada ya miaka 30 aligundua kwamba waliosaidiwa waliishia vibaya kuliko wenzao wasiosaidiwa, hasa wale waliopelekwa zaidi ya mara moja katika kambi za likizo pamoja na wavulana wengine. Vijana husifiana makosa, na sifa ya rika ina nguvu kuliko nasaha ya mkubwa. Familia inayofikiria kumpeleka kijana katika bweni la kunyoosha wakaidi inapaswa kulitafakari hilo.

Njia bora ya kuanzia ni nyumbani, na mafunzo yapo: mpango wa malezi ulioandaliwa na vyuo vikuu pamoja na WHO na UNICEF umetumika Tanzania kwa jina la Furaha Teens, ukiwakutanisha wazazi na vijana wao. Mzazi ambaye mwanawe anajidhuru, anazungumzia kufa au anawaumiza wengine asisubiri mafunzo. Ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.