Duka Dogo na Cheti cha Mazingira

Tenke ni mji wa njia panda. Tangu mwaka 1931, ilipokamilika reli ya kwenda Dilolo, njia itokayo Lubumbashi hugawanyika hapo: mkono mmoja waelekea Bukama na Kamina, wa pili waelekea Kolwezi, na mbele yake Angola hata bahari ya Lobito. Karibu na mji yapo machimbo ya Tenke-Fungurume, yatoayo shaba na kobalti tangu mwaka 2009. Penye njia panda na penye machimbo hapakosi duka: chumba kimoja, meza moja, na nyuma yake mama na watoto wakipima unga, chumvi, sukari na mafuta ya mawese.

Duka la namna hiyo laweza kupata cheti cha kuonyesha kwamba halichafui nchi? Wengine watacheka na kusema kwamba vyeti ni mambo ya makampuni makubwa. Sisi twaona kwamba swali hili lastahili jibu, maana takataka za duka dogo huangukia mlangoni pa mwenye duka mwenyewe, na moshi wake huvutwa na watoto wake.

Kwanza tujue cheti ni kitu gani. Kanuni ijulikanayo zaidi duniani huitwa ISO 14001. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na shirika la kimataifa la vipimo na kanuni, lililo Geneva, Uswisi, na mwaka 2015 ilisahihishwa upya. Shirika hilo huandika kanuni tu, wala haliwapi watu vyeti. Watoao vyeti ni wakaguzi wa nje. Kwa kawaida cheti hudumu miaka mitatu, na kila mwaka wakaguzi hurudi kutazama kama ahadi zimetimizwa. Kwa hiyo mtu akija dukani kwako na karatasi yenye mhuri, akataka fedha papo hapo bila kukagua lolote, mwambie kwaheri. Anauza karatasi, hauzi cheti.

Kanuni yenyewe haina uchawi. Yasema hivi: panga, tenda, pima, sahihisha, kisha anza tena. Hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifahamu.

Mwanzo wake ni daftari

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka na anunue daftari, na kwa mwezi mzima aandike vitu viingiavyo na vitokavyo. Mifuko ya plastiki mingapi? Makala magunia mangapi? Mafuta ya jenereta lita ngapi? Betri ngapi zilizokwisha nguvu, nazo zilitupwa wapi? Vyakula gani vilioza kabla ya kuuzwa? Mtoto ajuaye hesabu aweza kupewa kazi hiyo kila jioni. Mwisho wa mwezi jamaa yote wakae pamoja na kulisoma daftari. Hapo ndipo wengi hushangaa, maana uchafu na hasara huwa ndugu wa tumbo moja: lita ya mafuta iliyochomwa bure ni moshi hewani, na pia ni franga zilizopotea.

Hatua ya pili ni sheria

Hakuna awezaye kudai cheti huku akivunja sheria ya nchi. Katika Kongo sheria ya tarehe 9 Julai 2011 yaweka misingi ya kulinda mazingira. Tena agizo la tarehe 30 Desemba 2017 lakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Majirani nao wamefanya vivyo hivyo: Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Kila mtu aona kwamba mifuko hiyo, ile iitwayo sashe, ingali ikirushwa na upepo katika masoko yetu mengi. Lakini kosa la wengi haliwi haki ya mmoja.

Hapo pana shida ya kweli, nasi hatutaki kuificha. Mwenye duka akikataa kutoa sashe, mteja aweza kwenda kwa jirani. Basi afanye taratibu. Awape wateja habari mwezi mmoja mbele; auze vikapu na mifuko ya kitambaa kwa bei ndogo; unga na chumvi apimie katika chombo aletacho mteja; mafuta ayatie katika chupa irudishwayo. Na afadhali wenye maduka watano wa mtaa mmoja wapatane kuanza siku moja, ili asiwepo wa kupoteza wateja peke yake.

Mambo mengine manne

Taa: mabamba ya jua hugharimu fedha nyingi siku ya kununua, lakini hayadai mafuta kila juma. Friji kuukuu: nyingi zina gesi iharibuyo tabaka la ozoni, ile iliyowekewa mipaka na Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, fundi asiiachilie hewani ovyo. Makala: hutokana na miti ya miombo inayozidi kukatwa mbali na miji yetu, mwenye kuyauza aweze pia kuuza majiko yatumiayo makala machache. Betri: zile za gari zina risasi, sumu idhuruyo akili za watoto. Zisivunjwe uani wala kuchomwa. Zitiwe katika sanduku gumu lenye kifuniko mpaka apatikane mnunuzi ajuaye kazi hiyo. Ni ajabu kwamba nchi itoayo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ambayo nyingi huingia katika betri, iache betri mbovu zitupwe kando ya visima vyake.

Je, gharama?

Wakaguzi hudai malipo makubwa, na twaweza kusema wazi kwamba duka la chumba kimoja halipaswi kukopa ili kuwalipa. Ipo kanuni nyingine, ISO 14005, iliyoandikwa kuwaongoza wenye biashara ndogo kwenda hatua kwa hatua. Tena ISO 14001 yenyewe yamruhusu mtu kujipima na kutangaza mwenyewe kwamba anaifuata, mradi asiseme uongo. Kwa duka dogo hiyo yatosha kwa miaka ya kwanza.

Siku itakuja ambapo cheti cha wakaguzi kitakuwa na faida. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 yataka kazi ndogo ndogo za makampuni makubwa zipewe wafanyabiashara Wakongo. Atakaye kupeleka mboga au sabuni machimboni aweza kuulizwa jinsi anavyolinda mazingira. Mwenye daftari la miaka mitatu atakuwa na jibu. Asiye nalo atabaki mlangoni akieleza kwa maneno matupu.

Basi, wapenzi wasomaji, msianze kwa kupaka ukuta rangi ya kijani. Anzeni kwa daftari, kalamu na ufagio. Haba na haba hujaza kibaba. Na hata cheti kisipofika kamwe, ua utakuwa safi, fedha ya mafuta itabaki sandukuni, na watoto watacheza mahali pasipo na sumu.