Kobe Aliyeokolewa: Tumtunze Vipi, na Sisi Tujilinde Vipi?

Kila mwaka kabla ya mvua za masika watu huku Kahe husafisha mashamba, na wengi wetu hutumia moto. Sungura hukimbia, kwale huruka. Kobe hana mbio wala mabawa. Hujifungia ndani ya gamba lake na kungoja.

Ndivyo kobe mmoja alivyofika nyumbani kwetu. Vijana waliokuwa wakichunga mbuzi walimkuta kando ya shamba lililoungua, gamba limepasuka ubavuni, miguu imejaa majivu. Wakamleta ndani ya kiroba. Tulimwonea huruma, tukamwosha kwenye beseni lililokuwa karibu, na beseni lile ndilo tulilokuwa tukioshea vyombo. Watoto walimshika, wakambusu, wakamlisha ugali.

Siku ya tatu mtoto wetu wa miaka miwili alianza kuhara na kuchemka homa. Tukasema ni malaria, kama tulivyozoea huku tambarare. Kipimo kikaonyesha hana malaria. Muuguzi wa zahanati akatuuliza, "Nyumbani mnafuga nini?" Tulitaja kuku na mbuzi, na mwisho tukamkumbuka kobe. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza haya tunayowaletea leo. Mtoto alipona, na kobe naye alipona, lakini tungeweza kuwaepusha wote wawili na taabu.

Kobe huyu ni nani?

Kobe anayeonekana zaidi katika nyika zetu ni yule mwenye gamba la manjano lililojaa madoa meusi kama ya chui. Ni mnyama wa nchi kavu. Akikomaa hufikia urefu wa sentimeta 30 hadi 40, na anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Basi kobe unayemwona leo huenda alikuwapo kabla hujazaliwa.

Watu wengi hudhani gamba lake ni kama nyumba tu. Sivyo. Gamba ni mfupa ulio hai, wenye damu na mishipa ya fahamu, nalo limeungana na uti wa mgongo na mbavu zake. Ukilitoboa ili umfunge kamba, anaumia kama mtu anayetobolewa mfupa. Likipasuka, vidudu na mabuu ya nzi hupata njia ya kuingia mwilini.

Siku ya kwanza

Kama kobe ni mzima na umemkuta anavuka barabara, usimlete nyumbani. Mvushe upande ule aliokuwa akielekea, kisha mwache. Huyo hajapotea, anaijua njia yake.

Kama ameumia, au mahali alipokuwa panaungua, fanya hivi:

1. Mnyanyue taratibu kwa mikono miwili, karibu na ardhi. Kobe akishtuka hukojoa, na mkojo huo ndio akiba yake ya maji. Wakati wa kiangazi kuipoteza akiba hiyo kunaweza kumdhuru. Usimgeuze chali.

2. Mweke kivulini, mahali pakavu na penye utulivu, mbali na mbwa. Mbwa wengi hutafuna miguu na kingo za gamba.

3. Mpe maji. Chukua karai litakalokuwa lake peke yake, tia maji ya uvuguvugu yasiyozidi kidevu chake, mwache humo kama dakika 15 au 20. Atakunywa mwenyewe. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu.

4. Kama gamba limepasuka, lioshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi kidogo, kisha lifunike kwa kitambaa safi ili nzi wasitue. Usilizibe kwa gundi wala lami, kwani utafungia uchafu ndani. Mwite mtaalamu wa mifugo amtazame.

Kuna kosa moja ambalo tumeliona zaidi ya mara moja. Watu wema huokota kobe na kumtupia kwenye mfereji au mtoni, wakidhani wanamrudisha kwao. Kobe huyu si mnyama wa majini. Anaweza kuzama na kufa.

Chakula chake

Kobe wa nyika hula majani, na hasa nyasi. Mpe nyasi mbichi na kavu, magugu ya shambani yasiyopigwa dawa, na vipande vya mpungate ulioondolewa miiba. Matunda yawe kidogo sana, maana yakizidi humharisha. Ugali, mkate, wali, maziwa na nyama si chakula chake. Vinamvimbisha tumbo, na kwa kobe mdogo huharibu ukuaji wa gamba. Anahitaji pia jua la asubuhi, kwa sababu jua ndilo linalomsaidia kutumia chokaa ya chakula kujenga mifupa, kama ilivyo kwa watoto wetu.

Usimpandishe mlimani

Wengi wetu huku Kahe tuna ndugu Marangu, Kilema au Kibosho, na mtu akipata kitu kigeni hutamani kuwapelekea watoto wa huko. Kobe asiwe zawadi ya namna hiyo. Joto la mwili wake hutegemea joto la mahali alipo. Huku kwetu jua likichomoza hupata moto, akala na chakula kikasagika. Mwezi wa Julai, ukungu unapokifunika kihamba na ardhi chini ya migomba ikabaki na unyevu siku nzima, kobe huyo hupoa. Huacha kula, kamasi humtoka puani, kisha hushikwa na ugonjwa wa mapafu. Atakaa kimya kwa wiki nyingi, nanyi mtasema ametulia, kumbe anakufa.

Ugonjwa anaoweza kutuambukiza

Ndani ya matumbo ya kobe wengi huishi vijidudu viitwavyo salmonela. Kobe mwenyewe haugui, hivyo kumtazama tu hakukuambii kama anavyo. Vijidudu hutoka na kinyesi chake, vikashika kwenye gamba, miguu na maji aliyoogea. Tena havitoki kila siku, kwa hiyo hata kipimo kikisema leo havipo, kesho vinaweza kutoka.

Mtu huvipata kwa njia ya mdomo. Mtoto humshika kobe kisha akala andazi. Mama humwaga maji ya kobe pale anapooshea sufuria. Baada ya saa chache hadi siku sita huja kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupona baada ya siku 4 hadi 7. Walio katika hatari kubwa ni watoto wa chini ya miaka 5, wazee, wajawazito, wenye selimundu na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwao vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu, na kwa wenye selimundu hata kwenye mifupa. Mtoto aliyedhoofishwa na malaria au utapiamlo naye hana nguvu ya kuvizuia.

Tusichanganye ugonjwa huu na homa ya matumbo, yaani taifodi. Vijidudu vyake ni ndugu wa hivi, lakini taifodi hutoka kwa binadamu mwenzetu na si kwa kobe.

Jambo hili si dogo. Katika nchi ya Marekani watoto walikuwa wakinunuliwa kobe wadogo wa majini wa kuchezea, nao wakiwatia mdomoni. Mwaka 1975 serikali ya huko ilikataza kuuza kobe wenye gamba lisilofikia kama sentimeta 10, na wataalamu walikadiria kwamba katazo hilo liliwaepusha watoto wapatao 100,000 na ugonjwa huu kila mwaka.

Kanuni za nyumba yenye kobe

Maadamu kobe yupo nyumbani akisubiri kupona au kuchukuliwa, tuzishike kanuni hizi:

– Kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kando ya banda lake kinatosha.
– Watoto wa chini ya miaka 5 wamtazame tu, wasimshike. Asibusiwe na mtu yeyote.
– Asiingie jikoni wala mahali pa kulala.
– Karai lake lisitumike kwa kazi nyingine. Maji yake yamwagwe chooni, yasimwagwe mferejini wala kwenye bustani ya mboga.
– Anayesafisha banda asiwe mjamzito wala mgonjwa.

Tumtazame pia kupe, hasa kwenye ngozi laini ya mapaja na shingo. Kupe wengine wa kobe hubeba ugonjwa wa maji ya moyo unaoua mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mwaka 2000 Marekani ilizuia kobe wa aina hii kuingizwa nchini humo kwa kuwahofia kupe hao. Basi kobe asilale zizini. Waondoe kupe mmoja mmoja kwa kibano na kuwatumbukiza kwenye mafuta ya taa. Kobe mwenyewe asipakwe mafuta ya taa wala dawa ya josho. Na asichomwe kamwe sindano ya ivermektini tunayowachoma mbuzi kwa ajili ya minyoo na kupe, kwani dawa hiyo huua kobe.

Mtoto akiharisha

Anza mara moja kumpa maji ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi na salama, kidogo kidogo na mara kwa mara. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mpeleke zahanati, hasa akiwa na homa, damu katika choo, macho yaliyobonyea au akiwa mlegevu. Apimwe malaria, na kama hana, msirudi nyumbani na dawa ya malaria mliyonunua dukani kwa kubahatisha. Mwambieni muuguzi kwamba nyumbani kuna kobe. Neno hilo moja linaweza kumfupishia njia ya kuujua ugonjwa.

Kobe si mali yetu

Mwaka huo wa kwanza tulidhani tumepata mfugo. Mtu mmoja akatukumbusha kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu huko Zanzibar, akasema, "Mbona wale wanafugwa?" Wale ni wa aina nyingine, walitoka Shelisheli mwaka 1919 wakiwa zawadi, nao wana watu maalumu wa kuwatunza. Huyu wa kwetu ni mnyama wa porini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumweka nyumbani, kumuuza wala kumsafirisha mnyamapori bila kibali. Hata kama umemwokoa kwa nia njema, toa taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Taarifa hiyo inakulinda wewe na kobe pia.

Sisi tulipotoa taarifa, afisa alikuja, akalitazama gamba, akaona limekauka na kuanza kufunga. Alimrudisha kwenye vichaka visivyo mbali na pale alipookotwa, maana kobe anayajua maficho yake, na akipelekwa mbali huzunguka akitafuta kwao hadi achoke. Watoto walilia kidogo. Yule mdogo alimpungia mkono akiwa mgongoni kwa mama yake, na jioni ile tulilitenga karai la kobe lisirudi tena jikoni.

Mwaka huu, kabla ya kuwasha moto, tunazunguka shamba kwanza na fimbo, tukifunua majani makavu chini ya vichaka. Ni kazi ya nusu saa. Wasomaji wenye mashamba, fanyeni hivyo nanyi. Kobe ambaye hakuungua hahitaji kuokolewa, wala hamletei mtu ugonjwa nyumbani.