Maji ya Moto Si Volkano

"Volkano ya Mashyuza italipuka lini?" Swali hilo nimeulizwa na madereva wa malori waliokuwa wakisubiri karatasi zao mpakani Ruhwa, na wauza mchele wa Bugarama, na walimu wa sekondari ambao wangepaswa kulikataa lilivyo, na hata na mwandishi wa habari aliyetaka jibu lenye tarehe. Limerudi tena wiki hii. Basi nalijibu kwa maandishi ili nipumzike kulijibu kwa mdomo: Mashyuza, katika bonde la Bugarama nchini Rwanda, kuna chemchemi za maji moto, hakuna volkano. Kabla ya kuuliza italipuka lini, uliza kama ipo.

Hoja ninayopewa haibadiliki. Maji yanachemka, kwa hiyo chini yake kuna moto, kwani sufuria haichemki bila moto.

Kwanza, hayachemki. Kwenye mwinuko wa bonde la Bugarama maji huchemka yakifika karibu nyuzi 97. Ya Mashyuza yana nyuzi 50 na ushee. Yale mapovu ni gesi, hasa hewa ukaa, inayotoka kwenye maji kama inavyotoka kwenye soda ukiifungua. Nimewahi kusisitiziwa kwamba maji yanachemka na mtu aliyekuwa amejitumbukiza humo hadi shingoni. Yangekuwa yanachemka kweli asingekuwa na nafasi ya kubishana nami.

Pili, na hapa ndipo kazi yetu ilipo, "maji ni ya moto" ni kitu kilichoonwa, na "chini kuna volkano" ni dhana. Kati ya hivyo viwili kuna safari ndefu ambayo wengi huiruka. Jiolojia ina taabu ambayo kemia haina: mambo mengi hatuwezi kuyarudia. Tetemeko haliagizwi, wala milima haiinuliwi maabara. Tunachoweza ni kuibana dhana iseme mapema kitakachoonekana mahali ambapo hatujapima, kisha twende tukapime. Ikikosea, tunaiacha, hata kama ni yetu. Thomas Chamberlin, mwanajiolojia wa Marekani, alionya mwaka 1890 kwamba mtafiti mwenye dhana moja huishia kuipenda na kuitafutia mashahidi. Akashauri tuende uwandani na dhana kadhaa zinazoshindana.

Basi tuwe na mbili. Ya kwanza ni ya madereva wangu: mwamba ulioyeyuka uko karibu, nao ndio unaopasha maji. Ya pili: mvua inayonyesha kwenye milima ya upande wa Nyungwe, inayopita mita 2,000, inazama ndani ya nyufa za miamba, inapata joto la kawaida la ardhi, kisha inasukumwa na uzito wa maji yaliyoko juu hadi itokee bondeni. Bonde lenyewe ndiko kuliko chini kabisa katika Rwanda yote, mita 950 hivi kutoka usawa wa bahari pale Mto Rusizi unapopita.

Dhana ya kwanza ikiwa kanuni, inabashiri kwamba palipo na volkano chini kuna joto kali. Wanaotoka Kenya hunikumbusha Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981 katika eneo la volkano. Kweli kabisa. Lakini kanuni haipimwi kwa mfano unaoipendelea. Rwanda iliipima kwa gharama kubwa. Mwaka 2013 kisima cha utafiti kilichimbwa kwenye miteremko ya Karisimbi, volkano halisi yenye mita 4,507, ambayo hakuna anayeibishia uvolkano wake. Mashine ilishuka takribani kilomita 3. Joto lilipanda kwa kadiri ya kawaida ya ardhi popote, na hifadhi ya maji moto iliyotarajiwa haikuwepo. Kisima cha pili kikasimamishwa kabla ya kufika nusu ya kina hicho.

Soma tena aya hiyo, tafadhali. Volkano kubwa kuliko zote nchini ilichimbwa kilomita 3 bila kupatikana maji moto, na huku Bugarama, pasipo hata mlima wenye kasoko, maji moto yanabubujika bure. Mtu akiendelea kuniambia maji moto na volkano ni ndugu wasioachana, anieleze Karisimbi kwanza. Wapo walioita kisima kile hasara. Kwa upande wa fedha sibishi. Kwa upande wa elimu, kilifanya kile ambacho jaribio linatakiwa kufanya: kiliikatalia dhana iliyokuwa ikipendwa, tena na wataalamu wenyewe.

Sasa tuibane dhana ya pili. Ardhi huongezeka joto kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi kila kilomita moja unayoshuka. Chukua wastani wa joto la bondeni, tuseme nyuzi 24, na maji ya nyuzi 54. Tofauti ni 30. Maji yangehitaji kushuka kilomita moja na kidogo, na kwa kuwa hupoa yakipanda, weka mbili au zaidi. Je, kuna nyufa zinazofika huko? Hilo lilijibiwa kwa uchungu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, watu wakiwa kanisani, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga wilaya ya Rusizi, iliko Bugarama, na ya Nyamasheke, pamoja na mji wa Bukavu upande wa Kongo. Upande wa Rwanda pekee walifariki zaidi ya watu 30. Mawimbi ya tetemeko na vipimo vya setelaiti za rada viliafikiana kwamba ni ufa ulioteleza, upande mmoja ukishuka, kwenye kina cha kilomita kadhaa. Huu ni ukingo wa Bonde la Ufa. Mwamba umepasuka hadi kina kirefu kuliko maji yetu yanavyohitaji.

Na tetemeko lile pia lilisemwa ni volkano. Lakini mwamba ulioyeyuka ukitembea hutoa mitetemo midogo mingi inayofuatana na kuhama nao, kama Goma na Rubavu walivyoona baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ikitikisika mfululizo kwa siku kadhaa. Mwaka 2008 ulikuja mshindo mmoja mkubwa, kisha mitetemo ya baadaye ikapungua kwa mtindo ambao Omori wa Japani aliueleza tangu 1894.

"Mbona Rusizi kuna mawe ya lava?" Yapo. Yana umri wa mamilioni ya miaka, na mengi yameoza yakawa udongo mwekundu mnaoulima. Lava iliyoganda tangu enzi hizo haipashi maji.

Shahidi ninayempenda zaidi ni kiwanda cha saruji. Maji ya Mashyuza yanapofika juu hupoteza hewa ukaa, na chokaa iliyoyeyuka ndani yake huganda kuwa jiwe. Ni utando mwembamba, mwaka baada ya mwaka. Jiwe hilo limejaa kiasi cha kukilisha kiwanda cha Cimerwa, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984. Kama joto lingekuwa la mwamba unaopanda sasa hivi, tungetegemea chemchemi changa yenye chokaa kidogo. Tunachokiona ni mtiririko wa zama na zama. Ushahidi huo hauondoi kila uwezekano, sikatai: chanzo cha joto cha zamani sana kilichozikwa mbali chini kingeweza kuacha jiwe lilelile la chokaa. Ila chanzo hicho nacho hakina tarehe ya kulipuka.

Nionyeshwe nini ili nibadili mawazo? Joto la maji likipanda kwa makumi ya nyuzi na kubaki huko. Gesi ya salfa yenye harufu ya yai bovu ikianza kutoka mahali ambapo haikuwepo. Mitetemo midogo ikijikusanya chini ya bonde na kusogea juu, na setelaiti zikiona ardhi imevimba. Chemchemi kuhama, kupungua au kuchafuka baada ya tetemeko hakumo katika orodha yangu. Ufa ukisogea, njia ya maji husogea nao.

Yaliyobaki nayasema haraka. Maji ya moto hulegeza misuli iliyochoka. Hayatibu kisukari wala utasa, endelea na dawa ulizoandikiwa. Usilaze mtoto wala usijikunyate kwenye shimo au bonde dogo lililo kando ya mapovu, kwa maana hewa ukaa ni nzito na hutuama. Majirani wa Goma huiita mazuku na wanajua inavyoua. Ukijenga Rusizi, funga kuta kwa lenta ya zege na nondo pande zote, na usiweke tofali za udongo zisizofungwa juu ya mlango ambao watoto watautumia kukimbia. Ardhi ikitikisika ukiwa ndani, jifiche chini ya meza imara, usiruke dirishani. Ujumbe wa simu unaotaja saa ya tetemeko lijalo ufute, hakuna mtu duniani anayeijua. Na shule yoyote ya Bugarama inaweza kununua kipimajoto, kukichovya kwenye tundu lilelile kila Jumatatu saa ileile, na kuandika namba daftarini pamoja na tarehe. Atakayeniuliza tena habari za volkano aje na daftari hilo.