Kipimajoto cha Majengo na mraba wa kompyuta

Tuchukulie kipimajoto kilichotundikwa Majengo, Moshi, saa nane mchana kinaonyesha nyuzi 28, na kompyuta ya utabiri inasema 24. Nani aaminiwe? Wengi watasema kipimajoto, maana kiko papo hapo. Mtaalamu wa hali ya hewa huuliza kwanza kila mmoja hukosea kwa kiasi gani.

Kama kompyuta hukosea kwa nyuzi 2 na kipimajoto kwa nyuzi 1, makosa hayo huzidishwa kila moja kwa lenyewe: 4 kwa 1. Kipimajoto kinapewa uzito mara nne ya kompyuta, na jibu ni 27.2. Kutoka hapo kompyuta inakokotoa saa zinazofuata, hadi vipimo vipya vije kuisahihisha. Mhandisi Rudolf Kalman aliandika hesabu ya namna hii mwaka 1960, na ikasaidia kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini.

Mlima Kilimanjaro, ulio juu ya mji, lakini unavuruga mambo. Modeli ya kompyuta haiijui Majengo, inajua miraba tu. Kila mraba wa modeli ya kituo cha utabiri cha Ulaya una upande wa kilomita 9 hivi. Ndani ya mraba mmoja, mabati ya mjini yanaweza kuchanganywa na migomba ya vihamba vya juu, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kipimajoto hakikudanganya, kimesema ukweli wa uchochoro mmoja. Kosa lake kwa mraba mzima likihesabiwa kuwa nyuzi 2, jibu linashuka hadi 26. Kwangu mimi, ufundi wote uko hapa: kipimo sahihi kukubali kupunguziwa uzito.

Kuna wakati ni afadhali kipimo kisichanganywe kabisa. Mwaka 2000 Doug Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliweka kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Vipimo vya kileleni namna hiyo ndivyo vinavyoweza kuikosoa modeli, mradi havikutumika kuitengeneza. Modeli ikishakosolewa hivyo, inaweza kuulizwa maswali: mtafiti Thomas Mölg na wenzake waliendesha modeli yao kwa msitu wa mlimani wa miaka ya 1970, kisha kwa msitu uliopungua, wapate kujua kama ukataji miti ndio unaomaliza barafu, kama wengi wanavyoamini. Matokeo yao ya mwaka 2012: mchango wa ukataji ni mdogo. Kwa chanzo, wataalamu hao wanaitazama zaidi Bahari ya Hindi, na hewa kavu iliyoanza kuzoeleka kileleni mwishoni mwa karne ya 19.