Pima Damu Kabla ya Kununua Vitamini

Mtoto anaposinzia darasani au kusahau alichofundishwa jana, si lazima awe mvivu. Huenda amepungukiwa na damu kwa kukosa madini ya chuma, yanayowezesha damu kubeba oksijeni hadi kwenye ubongo. Mtoto kama huyo akipewa dawa ya kuongeza damu, umakini wake unaweza kuimarika. Lakini aliye na madini ya kutosha hatakuwa mwerevu zaidi kwa kunyweshwa vitamini za dukani, hata ziwe ghali vipi.

Wazazi wanashauriwa kumpeleka mtoto kwenye kituo cha afya apimwe kwanza. Tone moja la damu kutoka kidoleni hutosha. Vidonge vya chuma vikizidi ni sumu; hata vile anavyopewa mama mjamzito vinaweza kumuua mtoto mdogo akivimeza vingi, hivyo vifungiwe mbali naye.

Maini, omena, ndengu na maharagwe huongeza madini hayo. Chai, ambayo haikosekani katika nyumba nyingi, huyazuia kuingia mwilini, kwa hivyo mtoto asiinywe pamoja na chakula. Afadhali chungwa. Minyoo nayo hupunguza damu. Dawa zake zinapotolewa shuleni, mtoto asikose siku hiyo.