Jinsi ya kutumia WhatsApp mbili kwenye kompyuta moja bila kuchanganya meseji

Una laini mbili: moja ya familia na marafiki, nyingine ya biashara iliyo kwenye WhatsApp Business. Ukikaa kwenye kompyuta unafungua moja tu, ya pili inabaki kwenye simu. Mteja anauliza bei, unachelewa kumjibu, anahamia duka la jirani. Habari njema ni kwamba zote mbili zinaweza kufunguka kwa pamoja, na huhitaji kupakua programu za ajabu ajabu.

Kwanza, tatizo liko wapi? Brauza hutunza kumbukumbu ya akaunti iliyoingia. Ndiyo maana ukifungua web.whatsapp.com mara mbili ndani ya Chrome, unakutana na akaunti ileile. Dawa ni kuipa kila namba mlango wake.

Fanya hivi:

1. Namba ya kwanza ifungue kwenye Chrome, anwani ya web.whatsapp.com.

2. Namba ya pili ifungue kwenye brauza nyingine, kama Firefox au Edge, kwa anwani hiyohiyo. Kama hutaki kutoka Chrome, tengeneza profaili ya pili. Kila profaili ina kumbukumbu zake.

3. Kwenye simu, fungua WhatsApp ya namba husika, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, kisha skani msimbo wa QR unaoonekana kwenye kompyuta. Rudia kwa namba ya pili.

Ukishaunganisha, kompyuta itaendelea kupokea meseji hata simu ikizima chaji. Ila usipotumia WhatsApp kwenye simu kwa zaidi ya siku 14, kompyuta itatolewa na utaanza upya.

Sasa kuna balaa moja: kumtumia mteja maneno uliyomwandikia mkeo. Kulikwepa, nenda kwenye mipangilio, akaunti moja iweke muonekano mweusi, nyingine uiache nyeupe. Kabla hujabonyeza kutuma, rangi tu itakuambia uko wapi.

Na kama kompyuta si yako, ni ya ofisini au ya intaneti kafe, usifunge dirisha tu ukaondoka. Toka kwenye akaunti zote mbili. Umesahau na umeshafika nyumbani? Usihangaike kurudi. Ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako, gusa jina la kompyuta hiyo, kisha itoe. Fanya hivyo kwa kila namba, maana kutoa moja hakuitoi nyingine.